Unga wa Upepo

Siku tuliyomzika Amoit kule Amukura, mchungaji alisimulia maisha yake kuanzia ubatizo, akafika ndoa, akafika watoto, akafika kibanda cha maharagwe ambacho kila dereva aliyewahi kulala Malaba anakijua. Mwaka mmoja aliuruka kama mtu anayevuka mtaro. Sikumlaumu, maana alisema alichoambiwa, na waliomwambia ni watoto ambao hawakuwa wamezaliwa. Lakini nilikuwa nimeketi pale chini ya hema, kiti cha plastiki kikizama kwenye udongo laini, na nikajiambia kwamba mwaka ule hautazikwa pamoja naye hali mimi niko hai. Mimi sikusoma. Niliacha shule wakati bado tunaandika kwa penseli. Kila kitu nilicho nacho, karakana yangu ya vyungu hapa Busia, tanuri mbili, nyumba ya mawe, nilikipata kwa hii mikono, na sikumwomba mtu. Asiyependa mwandiko wangu na aandike wake. Nani alinizaa, tulikuwa wangapi, tulikula nini, hayo nayaacha. Naanza siku niliyofika Malaba.

Nilifika nikiwa msichana mkubwa, natoka upande wa Funyula, najua kufinyanga kwa njia ya kwetu. Kwetu udongo haufinyangwi peke yake. Unachukua vigae vya chungu kilichovunjika, unavisaga, unachanganya na udongo mbichi ili chungu kipya kisipasuke motoni, kisha unachoma kwa nyasi na kuni mahali wazi. Nilidhani hiyo ndiyo kazi yote ya ufinyanzi duniani. Halafu nikasikia kuna mtu Malaba anaitwa Fundi Barasa, anatengeneza vikombe vinavyong'aa kama vya dukani, na anatafuta wasichana wenye mikono. Nikaenda. Karakana yake ilikuwa banda la mabati nyuma ya nyumba za kulala wageni, karibu na reli. Tanuri aliijenga mwenyewe kwa matofali, na aliiwasha kwa oili chafu iliyotolewa kwenye injini za malori. Ile oili ilidondoka tone kwa tone kwenye bomba, ikinguruma. Watu wa gesti walilalamika kila siku kuhusu moshi, na yeye aliwajibu kila siku kwamba wageni wao wenyewe ndio wanaomletea hiyo oili.

Barasa alikuwa mtu wa maneno machache, mrefu, nyusi zimeungua. Aliwahi kufanya kazi kwenye kiwanda cha vyombo huko mbali, na alichotoka nacho huko ni kichwa chake tu. Siku ya kwanza alinipa jiwe nishike. Lilikuwa na rangi ya waridi iliyofifia, na mahali lilipovunjika palikuwa bapa na panametameta, kama nyama yenye mafuta. "Hii inaitwa feldispa," alisema. "Hapa tunaiita jiwe la nyama. Bila hii, wewe unatengeneza vyungu vya kupikia mboga. Ukiwa na hii, unatengeneza chombo." Akanionyesha vikombe viwili. Cha kwanza alikifinyanga kwa udongo wetu wa kijivu wa mtoni, akakiweka kwenye moto mkali, kikafura kama mandazi. Cha pili kilikuwa cha udongo mweupe wa ng'ambo uliochanganywa na jiwe la nyama lililosagwa. Ukikigonga kilitoa sauti kama kengele. Alinieleza kwamba jiwe lile linaanza kuyeyuka ndani ya udongo kabla udongo wenyewe haujachoka, na likiyeyuka linashika kila chembe, ndiyo sababu kikombe hakivuji. Na lile lile jiwe, ukilisaga laini sana, ukalichanganya na majivu, chokaa kidogo na udongo kidogo, ukalikoroga kama uji na kuchovya kikombe, moto unaligeuza kuwa kioo. Hicho kioo tuliita glezi. Mawe yalitoka upande wa Uganda, madereva wakituletea gunia moja moja, na kuyasaga ilikuwa kazi yetu wasichana.

Nasema yetu kwa sababu nilimkuta Amoit. Alikuwa Mteso, mfupi, mabega mapana, na alicheka kabla hujamaliza kusema. Alikuja na kinu cha mama yake na ungo. Kinu kile kilikuwa kimeponda wimbi, yaani ulezi, la pombe miaka mingi, hata ukikisogelea ulisikia harufu ya chachu. Fundi Barasa alituambia neno moja tu kuhusu kusaga: "Nataka unga. Laini kama wa wimbi." Basi. Sasa wewe niambie, ukimwambia msichana wa huku kwamba unataka unga laini kama wa wimbi, atafanya nini? Atafanya alivyofundishwa. Tulichoma mawe kidogo ili yalegee, tukayaweka kwenye kinu, tukaponda kwa zamu, tukaimba hata nyimbo za kuponda wimbi. Tulijifunga leso kichwani ili nywele zisichafuke. Pua na mdomo tuliviacha wazi, kwa sababu ni nani amewahi kujifunga mdomo akiponda nafaka?

Glezi ya kwanza kutoka kwenye unga wetu ilikuwa aibu. Tanuri ilipopoa na kufunguliwa asubuhi, vikombe vilikuwa na ngozi ya chura. Barasa alipitisha kidole, akasema unga ni mzito, chembe kubwa hazikuyeyuka. Alitaka tuchekeche kwa kitambaa, tukachekecha, kitambaa kikaziba. Amoit ndiye aliyewaza jambo la ungo. Ukipepeta wimbi, unarusha, makapi yanakwenda na upepo, nafaka inabaki. Yeye akageuza. Alitandika shuka kubwa chini upande unaokwenda upepo, akapanda juu ya tofali, akapepeta unga wa mawe. Chembe nzito zikabaki kwenye ungo, na ule mwepesi kabisa, mwepesi kama moshi, ukaelea na kutua kwenye shuka. Akauita unga wa upepo. Ulikuwa laini hata ukiusugua kati ya vidole huhisi kitu. Nakumbuka jinsi Barasa alivyouonja kwa ncha ya ulimi, akafunga macho.

Tanuri iliyofuata ilipofunguliwa, sote tulisogea mlangoni. Vikombe vilikuwa na rangi ya asali nyepesi na uliweza kuona dirisha lote la banda ndani ya kila kimoja. Barasa alichukua cha kwanza, akampa Amoit kwa mikono miwili, kama mtu anavyompa mkubwa wake. "Huyu ndiye fundi wa glezi," alisema. "Kuanzia leo mtu asiguse ungo isipokuwa yeye." Sijawahi kuona mtu akisimama wima vile. Alikuwa msichana ambaye kwao waliita jina lake wakitaka maji au kuni, basi. Sasa aliitwa fundi mbele ya watu. Lazima niliseme hili kwa uzito wake, kwa sababu yote yaliyofuata yalitoka hapo.

Madereva walimjua haraka. Foleni ya malori yanayongoja kuvuka mpaka ilipita karibu na banda letu, na mtu aliyekaa kwenye foleni siku nzima anatafuta mtu wa kumchokoza. Amoit alishuka kwenye tofali lake mweupe kuanzia kope hadi vidole vya miguu.

"Siste, umekuwa mzungu lini?" turniboi mmoja, msaidizi wa dereva, alimwita kutoka juu ya trela.

"Leo asubuhi," alijibu. "Na wewe oga, labda kesho utafika."

"Nioe basi nipate paspoti!"

"Nitakuoa nikikosa mbuzi wa kufuga."

Foleni nzima ilicheka. Naye alicheka, na kicheko chake kikaishia kwenye kikohozi, akainama, akatema. Mate yalikuwa meupe kama ya mtu aliyepiga mswaki. Sote tuliona. Hakuna aliyefikiria kitu.

Tulilala chumba kimoja, mimi na Amoit, chumba cha mwisho cha gesti ambacho mwenye gesti alishindwa kukipangisha kwa sababu kiligusana na banda. Kitanda kimoja, ndoo, jiko, ukuta wa mabati upande mmoja. Jioni tulipika ugali wa wimbi na muhogo, mweusi, mgumu, na mboga ya kunde aliyoijua yeye, iliyotiwa simsim. Alipokula alisema kila tonge lina mchanga, akadhani ni unga wa sokoni. Mchanga ulikuwa mdomoni mwake. Kupitia ukuta ule tulisikia dunia yote. Maajenti wa forodha wakilaumiana, mwanamke akimwimbia mtoto Kiganda, madereva wakibishana ni barabara gani imekatwa na mafuriko huko Budalang'i. Asubuhi Amoit alikohoa kabla ya kuamka, kikohozi kikavu, kifupi, kama mtu anayebisha mlango kwa adabu. Hata sasa, miaka yote hii, nikisikia kikohozi cha namna ile kanisani nageuka.

Jioni moja yeye alikuwa ameenda kuchota maji, na mimi nilikuwa nachambua kunde. Nikasikia Barasa akizungumza upande wa pili wa mabati na Nalongo, mama wa Kiganda aliyemuuzia udongo mweupe, mwanamke mzito mwenye sauti ya kuamrisha.

"Ssebo Barasa, ule mtoto wako wa ungo, mimi namuonea huruma."

"Kwa nini? Anakula vizuri."

"Sisemi chakula. Ndugu yangu alifanya kazi ya kuponda mawe huko kwetu. Kavu, hivi hivi. Kifua ikaisha. Si tibii, walipima, hapana. Ni mawe imeingia ndani ikakaa. Banange, mtu alikufa kama samaki ako kwa mchanga."

"Hapa tunaponda kidogo tu."

"Mwagia maji. Mawe inasagwa na maji."

 Kisha nikamsikia Barasa akisema, polepole, "Nalongo, nikimwaga maji sina unga wa upepo. Na bila unga wa upepo sina kitu."

Sikumchukia kwa maneno yale. Nilimwelewa, na bado namwelewa. Lakini kunde zilinimwagika.

Amoit aliporudi nilimwambia yote. Alikaa kwenye kitanda, akanisikiliza, akacheka. "Vumbi? Nabwire, mimi nimezaliwa kwa vumbi. Mama yangu aliponda wimbi mpaka akazeeka."

"Wimbi si jiwe."

"Unga ni unga."

"Wimbi likiingia kifuani linaoza, linatoka. Jiwe litaoza lini?"

Hapo hakucheka. Alivua leso, akaikung'uta mlangoni, akaendelea kuikung'uta muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

Nikaanza kujaribu maji. Sikungoja ruhusa. Niliweka mawe yaliyopondwa kwenye jiwe la kusagia, nikayalowesha, nikasaga kama mtu anavyosaga simsim, nikakoroga kwenye pipa. Chembe nzito zilizama. Maji ya juu, meupe kama maziwa, nikayamimina kwenye sufuria nyingine yatulie. Chini ulibaki uji laini, laini kama ule wa upepo, na hakuna mtu aliyekohoa. Barasa alisema hawezi kuupima, kwa sababu kipimo chake chote kilikuwa mkebe wa unga mkavu. Nikachukua mkebe wa uji, nikaukausha jikoni, nikamwonyesha unga uliobaki. Akatikisa kichwa, akajaribu. Glezi ikatoka nzuri. Si nzuri kuliko ya Amoit, ilikuwa na ukungu kidogo, lakini ilikuwa glezi. Nilidhani nimemaliza. Nilimkimbilia Amoit na kikombe mkononi kama mjinga.

Alikigeuza, akaangalia kitako, akaangalia ndani. "Ni kizuri," alisema. "Na mtu yeyote anaweza."

"Ndiyo! Mtu yeyote."

"Kwa maji, mtu yeyote anaweza, Nabwire. Kwa upepo ni mimi peke yangu." Akanirudishia kikombe.

Kisha ikaja kazi kubwa. Mwenye hoteli mmoja wa Busia mjini, Mwislamu mpole, alitaka vikombe vya kahawa na mabakuli kabla ya Idi. Mvua zilikuwa zimeanza. Uji wangu ulitulia polepole na haukukauka, na Barasa alikuwa anahesabu siku kwa kuangalia mbingu. Asubuhi moja, mvua ikiwa imepumzika, alimwambia Amoit achukue ungo. Hakuniangalia aliposema. Amoit alipanda kwenye tofali. Aliponda na kupepeta siku ile, na iliyofuata, na nyingine. Malori yalipopita, upepo ulipinduka na kumrudishia unga usoni, naye akangoja utulie, akaendelea. Jioni alipopanda ngazi mbili za chumba chetu alishika ukuta. Ngazi mbili. Msichana aliyekuwa anabeba gunia la mawe begani. Nikamwuliza kama anaumwa, akasema ni mvua. Usiku alilala akiwa ameketi, mgongo kwenye mabati, akasema anaona raha hivyo.

Asubuhi nilitoka nikamkuta tayari yuko kwenye tofali. Kinu kimejaa. Shuka lina rundo la unga wa upepo ambalo sijawahi kuona kubwa vile, limechongoka kama kichuguu, na watu wa foleni wamesimama kumtazama. Barasa alikuwa anachovya vikombe mlangoni. Nilienda nyuma ya banda, nikachukua jerikeni la maji, nikarudi. Sikusema kitu. Nilimwaga kwenye kinu kwanza, kisha nikamwaga kwenye shuka. Rundo lilikaa kidogo, likabomoka, likatiririka matopeni.

Amoit alishuka. Alinipiga kofi moja, kwa mkono wote, na kiganja chake cheupe kikabaki shavuni mwangu. Turniboi mmoja alianza kucheka akaacha. Barasa alisema, "Nabwire, umeniua," kwa sauti ya chini tu, kikombe bado kinachuruzika mkononi.

"Ilikuwa kazi yangu," Amoit alisema. Alitaka kuongeza neno, pumzi ikamkatika, akasimama akiivuta mdomo wazi, na watu wote wakaisikia ikipiga filimbi. Hicho ndicho kitu kilichomwaibisha, nadhani, kuliko maji. Alimwaga matope kutoka kwenye kinu cha mama yake, akakipangusa kwa leso, akakiweka kichwani, ungo akaushika kwapani, akaondoka kando ya foleni ya malori kuelekea kwao. Alipumzika mara kadhaa kabla hajafika kwenye kona. Hakurudi.

Vikombe vilifika Busia baada ya Idi, na mwenye hoteli alivipokea bila neno. Barasa alitaka kunifukuza, lakini hakuwa na mtu mwingine aliyejua kusaga kwa maji, kwa hiyo nilibaki. Niliendelea kubaki hata nikajua tanuri kuliko yeye, na alipozeeka nilijenga yangu. Hivyo ndivyo nilivyopata nilicho nacho, na sina haja ya kukipamba. Katika karakana yangu hakuna anayesaga kavu. Hakuna hata anayefagia kavu. Ukinyanyua ufagio kabla ya kunyunyiza maji, unakwenda nyumbani siku hiyo hiyo, uwe mtoto wa dada yangu au uwe mtoto wa chifu. Wananiita mkali. Sawa.

Amoit alianza maharagwe. Kwa muda mrefu nilipita upande wa pili wa barabara. Alipojifungua wa kwanza nilipeleka sabuni na sukari, akapokea, akaniwekea sahani, tukaongea habari za watoto na bei ya mkaa. Tukawa hivyo miaka yote, marafiki wanaoongea juu ya kila kitu isipokuwa kitu kimoja. Kifua chake kilishuka kidogo kidogo. Kwanza aliacha kubeba maji, kisha akaacha kwenda kanisani kwa miguu, kisha akaacha kibanda. Walimtibu kifua kikuu ambacho hakikuwepo. Mwishowe daktari mmoja aliangalia picha ya kifua akawauliza watoto kama mama aliwahi kufanya kazi ya mgodi. Wakasema mama yetu? Mama ameuza maharagwe maisha yake yote.

Nilimtembelea kwake kabla ya mwisho. Alikuwa kwenye kiti uani, mito nyuma na mbele, mabega yale mapana yamebaki mifupa. Mkaza mwana alituletea chai, akaondoka. Tulikunywa, nikisikia filimbi ile ile ya pumzi yake.

"Daktari anasema ni mawe," alisema.

"Najua."

"Anasema ningeendelea kuponda, nisingemaliza hata mwaka mwingine. Kuna watu wanakufa wakiwa wasichana." Alingoja pumzi. "Watoto hawa wasingekuwepo."

 Mimi si mtu wa kupokea shukrani, na niliona haikuwa shukrani.

"Lakini hukuniuliza, Nabwire. Mbele ya watu wote. Hukuniuliza."

"Ningekuuliza ungesema nini?"

Aliwaza. Aliangalia mikono yake kama mtu anayetafuta kitu alichokuwa amekishika sasa hivi.

"Ningesema hapana," alisema.

"Basi."

"Basi," alisema naye. Akanisogezea sahani ya viazi, akaniambia nile vingali moto, nami nikala.